Mguu Kifundo: Damu Inapita Wapi?

Rafiki msomaji, hebu vua kiatu. Weka vidole viwili juu ya mguu wako, kwenye mstari unaotoka kati ya kidole gumba na kidole cha pili, ukipanda kidogo. Bonyeza taratibu. Unasikia kitu kinadunda? Sasa hamisha vidole hadi nyuma ya ule mfupa uliochomoza upande wa ndani, juu ya kisigino. Napo panadunda.

Hizo ni ateri, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo. Tuziite mshipa wa mbele na mshipa wa nyuma. (Kama huusikii wa mbele usiogope, wapo watu wazima wa afya wasioupata.)

Mguu kifundo ni nini?

Ni hali ya mtoto kuzaliwa unyayo ukiwa umepinda kwa ndani na kisigino kimevutwa juu. Hutokea kwa mtoto mmoja au wawili katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, na wavulana huwapata zaidi. Karibu nusu yao hupinda miguu yote miwili.

Pengine hapo Lituhi umewahi kusikia watu wakinong'ona: eti mama amerogwa, eti alivunja mwiko. Tusidanganyane. Mguu hupinda mtoto akiwa bado tumboni, na mama hana kosa lolote.

Mishipa yake ina tofauti gani?

Chukua mfano wa shamba la mpunga kando ya Mto Ruhuhu, linalopata maji kwa mifereji miwili. Mmoja ukijaa mchanga, shamba litaishi kwa ule uliobaki. Ukiuziba na huo, mpunga unakauka.

Tangu miaka ya 1980, watafiti waliopiga picha mishipa ya watoto wenye mguu kifundo wameona jambo kama hilo. Mara nyingi mshipa wa mbele ni mwembamba mno, unaishia njiani, au haupo kabisa. Mguu unalishwa zaidi na mshipa wa nyuma. Kwa watoto wachache, ni ule wa nyuma ndio unaokosekana.

Kwa hiyo mguu huo haufi. Damu inafika, lakini njia ya akiba ni ndogo au haipo.

Basi tufanye nini?

Kwanza, usikubali mguu wa mtoto uvutwe kwa nguvu au ufungwe vijiti na kamba nyumbani. Ukiubana ule mshipa mmoja, unaweza kuuharibu mguu wenyewe.

Pili, mpelekeni mtoto zahanati au kituo cha afya katika wiki zake za kwanza, mkaombe rufaa. Tiba ipo. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Mtaalamu hunyoosha mguu taratibu kwa mikono, kisha anaufunga hogo. Kila wiki hogo hubadilishwa, kwa kawaida mara tano hadi saba. Watoto wengi hukatwa pia kano ya kisigino kwa tundu dogo. Hapo mtaalamu huwa mwangalifu sana, kwa sababu mshipa wa nyuma unapita jirani. Baadaye mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala hadi afikishe miaka minne au mitano.

Ng'ambo ya ziwa letu, nchini Malawi, maafisa tabibu walifundishwa njia hii mwanzoni mwa miaka ya 2000, na watoto wengi wakanyooka bila upasuaji mkubwa. Hapa Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ni mojawapo ya zinazotibu mguu kifundo.

Kazi yako wewe mwanafunzi

Mdogo wako akirudi na hogo, vidole vyake lazima vionekane. Mara kadhaa kwa siku, bonyeza kidole kimoja hadi kipauke, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili au tatu. Kama ngozi ni nyeusi, angalia kucha au upande wa chini wa kidole.

Rudini hospitali mara moja, hata kama ni usiku, mkiona:
– vidole ni vya baridi, vimepauka au vina rangi ya bluu;
– vidole vimevimba au vimezama ndani ya hogo;
– mtoto analia bila kunyamazika.

Msisubiri tarehe ya kliniki. Nauli ni ngumu, tunajua, lakini mguu hauna wa badala.

Jipime

1. Kwa nini mguu kifundo hunyooshwa kidogo kidogo?
2. Utamjibu nini jirani anayesema mama karogwa?
3. Kwa nini vidole visifunikwe na hogo?

Jadili na wenzako darasani, halafu mweleze na bibi nyumbani. Huenda yeye ndiye atakayeulizwa ushauri mtoto mwingine akizaliwa.