NOELI YENYE AFYA: TUNUNUE KWA HAKI, TUTOE KWA BUSARA



Kipindi cha Majilio kinapofika, karibu kila nyumba hufanya hesabu. Kuna nguo za watoto, mchele na nyama, nauli ya kwenda kwa babu na bibi, na zawadi. Tena Januari haiko mbali, na shule zitafunguliwa. Huenda msomaji akauliza: mambo ya sokoni yanahusianaje na ukurasa wa afya? Yanahusiana sana. Kila mwaka tunaowahudumia wagonjwa huona kwamba baadhi ya vitu vilivyonunuliwa kwa upendo vimemdhuru mtoto, na baadhi ya misaada iliyotolewa kwa moyo mwema imemwacha aliyepewa katika hali mbaya kuliko ya kwanza.

Kwa hiyo mwezi huu tunajifunza jambo moja: zawadi njema ni ile inayolinda uhai. Kabla ya kulipa, na kabla ya kutoa, tujiulize maswali matatu. Je, kitu hiki ni salama? Je, nimekipata kwa haki? Je, kitamfaa kweli yule atakayekipokea?

1. HAKI HUANZIA NYUMBANI

Kabla ya kwenda dukani, tutazame tunayedaiwa. Dada anayetulelea watoto amelipwa mshahara wake wote? Fundi cherehani aliyeshona nguo za watoto ameambiwa asubiri mpaka baada ya sikukuu? Hao nao wana watoto wanaosubiri Noeli. Mtume Yakobo katika barua yake anakemea vikali wanaozuia ujira wa wafanyakazi. Mshahara uliocheleweshwa ni chakula kilichokosekana mezani pa mtoto mwingine, na mtoto asiyekula vizuri huugua upesi.

Pia si lazima kila kitu kitoke ng'ambo. Seremala wa mtaani anaweza kutengeneza gari la mti lililopigwa msasa vizuri. Mama anayejua kushona anaweza kutengeneza mwanasesere wa vitambaa. Tukinunua kwao tusivutane bei mpaka wakose faida. Shilingi hiyo hubaki kijijini, ikawa unga na daftari.

2. USALAMA WA VITU VYA WATOTO WADOGO

Mtoto wa chini ya miaka 3 hujua dunia kwa mdomo. Kila anachoshika hukipeleka kinywani. Basi tuwe macho na vitu hivi:

(a) Vitu vidogo. Gololi, shanga, vifungo na macho ya wanasesere yanayong'oka huweza kuziba njia ya hewa. Kipimo rahisi ni bomba la kadibodi lililo katikati ya karatasi ya chooni: kitu kinachopita humo hakimfai mtoto wa chini ya miaka 3.

(b) Maputo. Yanapendeza machoni, lakini kipande cha puto lililopasuka huganda kooni na ni vigumu kukitoa. Mtoto wa chini ya miaka 8 asipulize puto wala kuchezea vipande vyake bila mtu mzima kuwa karibu.

(c) Betri ndogo bapa zenye umbo la kifungo. Zimo katika saa, katika vitu vya kuchezea vinavyowaka taa, na katika kadi zinazoimba. Betri hiyo ikikwama kooni yaweza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa 2 tu. Kama kifuniko chake hakifungwi kwa skrubu, tusikinunue. Mtoto akimeza betri, tusimtapishe wala tusingoje kesho. Tumkimbize hospitali yenye eksirei.

(d) Rangi inayobanduka. Baadhi ya rangi huwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mti usiopakwa rangi ni bora kuliko rangi tusiyoijua.

(e) Vyakula vya sikukuu. Karanga nzima na pipi ngumu si za watoto wa chini ya miaka 5. Karanga zisagwe.

3. MTOTO AKIKABWA NA KITU

Kama anakohoa kwa nguvu au analia, mwacheni akohoe. Hewa bado inapita. Lakini kama hawezi kulia, hawezi kukohoa, na midomo inabadilika rangi, tufanye hivi mara moja:

Mtoto wa chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kama kitu hakijatoka, mgeuze chali, na kwa vidole viwili mbonyeze mara 5 katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa chuchu.

Mtoto wa zaidi ya mwaka 1: mwinamishe mbele na kumpiga mara 5 katikati ya mabega. Kama kitu hakijatoka, simama nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na mfupa wa kifua, na kuivuta ndani na juu kwa nguvu mara 5.

Rudieni kwa zamu mpaka kitu kitoke, huku mwingine akitafuta usafiri. Tusiingize kidole kooni bila kukiona kitu, maana twaweza kukisukuma ndani zaidi. Akipoteza fahamu, aliyefundishwa huduma ya kwanza aanze kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi. Hata akipona, mtoto aliyebonyezwa tumbo aonwe na mganga.

4. KUTOA KATIKA JAMII KWA BUSARA

Yohane Mbatizaji alipoulizwa na watu wafanye nini, hakuwaagiza mambo makubwa. Aliwaambia wagawane nguo na chakula na asiye navyo (Luka 3:10-11). Hata hivyo kuna misaada inayohitaji kufikiriwa kwanza.

Maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea. Wengi huona kwamba hii ni zawadi nzuri kwa mama maskini aliyejifungua. Sivyo. Kopo la bure huisha baada ya siku chache, na kwa kuwa mtoto amenyonya kidogo, maziwa ya mama nayo yamepungua. Mama asiye na fedha hulazimika kuongeza maji mengi, mara nyingine yasiyochemshwa. Kinachofuata ni kuharisha na kudhoofika. Ndiyo sababu mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji na ugawaji wa maziwa hayo. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi. Zawadi ya kumpa mama huyo ni maharage, mayai, dagaa, mafuta ya kupikia, sabuni, na chandarua chenye dawa. Kama mama amefariki au hawezi kunyonyesha, tumwulize kwanza mhudumu wa kliniki.

Dawa zilizobaki. Tusipeleke kwa jirani wala kwenye kituo cha watoto dawa zilizobaki nyumbani. Hakuna ajuaye zimehifadhiwaje, na kipimo cha mtu mzima huweza kumwua mtoto.

Nguo za mitumba. Zifuliwe, zikaushwe juani, zipigwe pasi, na vifungo vilivyolegea vikazwe. Nguo ambayo tungeona aibu kumvisha mtoto wetu tusimpe mtoto wa mwenzetu.

Vituo vya yatima. Wiki ya Noeli hufurika soda na biskuti, na mwezi wa Februari ghala ni tupu. Tuwaulize walezi wanahitaji nini, na tugawe mchango wetu: sehemu Desemba, sehemu baadaye. Mwenye kikohozi au homa asiende kuwabeba watoto wachanga.

Damu. Hii ni zawadi isiyouzwa dukani. Wanafunzi wa sekondari ni kundi kubwa la wachangiaji wa damu, na Desemba shule zimefungwa. Lakini mama anayetokwa damu wakati wa kujifungua, na mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, hawangoji shule zifunguliwe. Mtu mwenye afya njema, wa umri wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kuchangia: wanaume kila baada ya miezi 3, wanawake kila baada ya miezi 4. Wajawazito na wanaonyonyesha wasichangie.

5. TUWAFUNDISHE WATOTO

Mtoto hujifunza kutoa kwa kuona. Achague mwenyewe kitu kizima, si kilichovunjika, na akipeleke kwa mwenzake akifuatana na mzazi. Tusiwapange foleni wanaopewa, wala tusiwapige picha. Mtakatifu Nikolao, askofu wa Myra, ambaye sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba, anasimuliwa kuwa aliwasaidia wasichana watatu maskini usiku, kwa siri, ili wasiaibike. Na tarehe 28 Desemba, Sikukuu ya Watoto Mashahidi, ni siku nzuri kwa familia kumtembelea jirani mwenye mtoto mchanga au mgonjwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika jumuiya yetu, ni nani anadai ujira wake kabla ya Noeli?
2. Ni mama gani aliyejifungua hivi karibuni, na anahitaji nini hasa?
3. Ni wangapi kati yetu wanaweza kwenda pamoja kuchangia damu, na lini?
4. Tutaweka nini akiba kwa ajili ya wahitaji wa Februari?

Tunawatakia nyote maandalizi mema na Noeli yenye afya.