Umbea wa Ukoo Una Wenyewe

Leo nina barua moja tu, ila ina mambo.

Aliyeandika ni binti wa Isevya, Tabora, anayefanya kazi Dar. Yumo kwenye kundi la WhatsApp la wapenda vitabu. Wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso: yuko wa Mwanza, yuko wa Mombasa, wawili wako Muscat, mmoja Leicester. Mazungumzo huanza na riwaya yakaishia kwa mawifi. Usiku mmoja kila mtu akawa anasimulia asili yake, naye akarekodi sauti ndefu: kwamba mama mzaa babu yake hakuwa Mnyamwezi kama ukoo unavyojinadi misibani. Aliletwa na msafara kutoka Manyema akiwa mtoto, akauzwa, akaja kuolewa na aliyemnunua. Habari hiyo aliipata kwa shangazi yake, wakiwa wawili tu jikoni, shangazi anachambua dagaa wa Kigoma.

Miezi ikapita. Mwenzao mmoja anayetunga hadithi fupi akaleta rasimu kundini. Yote yamo: mtaa, kovu la mkono wa bibi, hata ungo wa dagaa. Watu wakammwagia makopa. Kesho yake binamu wa binti huyu akapata skrinshoti, na sasa anauliza kwa herufi kubwa nani kauza ukoo. "Dada," ananiuliza, "nijitoe kundini au nikanushe tu?"

Usijitoe, na usikanushe. Ukikanusha unamfanya shangazi yako mwongo, na yeye ndiye pekee aliyekuamini na maneno hayo.

Kwanza nikuondolee aibu. Njia ile ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipitia mlangoni kwenu, na karibu kila nyumba ya zamani ya Tabora ina bibi wa namna hiyo, asemwe asisemwe. Na fasihi yetu imeshiba umbea wa aina hii tangu zamani. Mchukue Tippu Tip. Baba yake, Muhammed bin Juma, alioa Tabora kwa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, akamchukua binti yake Karunde, na ndoa hiyo ikamfungulia milango ya biashara. Mtoto naye akajifunza kuwa ukoo ni mtaji. Alipofika Utetera, ndani ya Kongo, akapata habari kwamba mtemi wa huko, Kasongo Rushie, alikuwa na dada waliotekwa zamani. Basi akajitangaza mjukuu wa mmoja wao. Mzee wa watu akafurahi kumpata ndugu aliyepotea, akampa utawala. Na Tippu Tip hakuona haya. Uzeeni, Zanzibar, alipoombwa na Mjerumani Heinrich Brode aandike maisha yake, aliyaweka hayo yote kwa Kiswahili chake, kwa herufi za Kiarabu, yakachapwa mwaka 1902 na 1903.

Sasa tazama, mdogo wangu. Bibi aliyetekwa, wa kubuni, alimpa mwanamume yule nchi nzima. Bibi aliyetekwa, wa kweli, akitajwa leo Isevya, kuna mama mkwe atakayeuliza kama posa iendelee. Hilo linanikera kuliko nitakavyoweza kulimaliza hapa. Aliyenunua watu anaitwa tajiri wa zamani, aliyenunuliwa ndiye anayefichwa. Kwa hiyo simlaumu mwandishi wenu kwa kuutaka mkasa huo. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel mwaka 2021, alijenga riwaya nzima juu ya jambo linalofanana nalo: kijana Yusuf anayechukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe si ami yake, ni mdai wa baba yake. Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la Peponi. Kama kundi lenu halijaisoma, isomeni kabla ya kuendelea kugombana.

Ninachomlaumu mwandishi ni kwamba hakuomba. Nawe nakulaumu kidogo, kwa sababu ulitoa kisicho chako. Kilicho chako ni jinsi ulivyojisikia ulipoambiwa, na hicho ungekisimulia usiku kucha. Kovu la bibi, jina la mtaa na ungo wa dagaa ni vya shangazi, na shangazi yu hai, anapanda bajaji, anakaa safu ya mbele kwenye vikao vya harusi.

Utaniambia mbona kwetu watu huambiana mazito zaidi ya hayo hadharani. Ni kweli. Mtani wa Kizaramo anaweza kusimama msibani kwenu akasema ninyi nyote mlinunuliwa kwa shanga, na mkacheka na machozi yenu. Lakini mtani huyo ana wajibu kwenu, na ninyi mna haki ya kumrudishia. Utani huo ulikua njiani, wapagazi wetu wakipita kwa watu na kuhitaji namna ya kutukanana bila kuuana. Aliyefowadi skrinshoti yako ana wajibu gani kwako? Pengine hata jina lake kamili hulijui.

Tena kuna suala la muda. Barua alizoandika Shaaban Robert kwa nduguye Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 hadi 1958, zilitunzwa na huyo huyo Ulenge, zikatoka kama kitabu mwaka 2002, miaka arobaini baada ya mshairi kufariki. Tunazisoma leo, tunamwona mtu na shida zake. Sauti yako wewe ilipewa miezi tu.

Basi fanya hivi. Panda treni au basi, nenda Tabora kwa shangazi. Usimpigie simu, na usimtumie ujumbe wa maandishi, maana huo nao utapigwa picha. Mchukulie khanga, kaa jikoni, mwambie mwenyewe kabla wifi hajamwambia. Atakasirika, mwache akasirike. Akishatulia muulize kama anataka hadithi hiyo iwepo. Usimjibie. Wazee wengine wamechoka kuificha kuliko unavyodhani.

Akikataa, mwambie mwandishi aache, na kama ni rafiki ataacha. Akikubali, abadilishe mtaa, kovu na kabila la muoaji, kisha ampelekee shangazi rasimu imechapwa kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Binamu yako mjibu kwa mstari mmoja tu: nimeshazungumza na shangazi. Hapo hatakuwa na kesi.

Kundi nalo liwekewe sharti na admini: mambo ya vitabu na waandishi yasemwe yote, ya ndugu walio hai yasitoke. Anayefowadi atolewe, hata kama ndiye anayejua vitabu kuliko wote.

Ukirudi Dar niletee matobolwa, tena ya Tabora kweli, si yale yanayouzwa stendi. Na hadithi ikikamilika kwa idhini ya shangazi, nitumie. Ikiwa nzuri nitaisifu hapa hapa, bila kutaja ni ya ukoo gani.