SOMO: KUJUANA KIKAZI KWA WANAFUNZI WANAOFANYA KAZI MIKAHAWANI



Somo la safari hii tumeliandika kwa ajili ya vijana wa vyuo wanaobeba sahani jioni. Hapa Kigali wako wengi. Mchana wako darasani Kicukiro au Nyarugenge, jioni wamevaa aproni Kimihurura, Remera au Nyamirambo. Wengi wao hawajihesabu kuwa wafanyakazi. Husema: mimi hapa napita tu, nikimaliza chuo naondoka. Ni kweli utaondoka, ndugu mwanafunzi. Sisi tunauliza: utaondoka na nini mkononi?

Alitujia kijana mmoja aliyefanya kazi miaka mitatu katika mkahawa wa mjini ambao hatuutaji. Alianza kuosha vyombo, akapanda hadi kusimamia zamu ya usiku. Alipomaliza masomo yake ya utalii, akaomba kazi hotelini, akaambiwa alete uthibitisho wa kazi aliyokwisha kufanya. Akarudi kwa bosi wake wa zamani. Bosi akasema hamkumbuki. Mkataba hakuwa nao, mshahara alikuwa akipewa taslimu, na RSSB jina lake halikuwako. Miaka mitatu ikawa bure.

Katika simu yake kijana huyu alikuwa na namba za wateja wakubwa, watu wa magari mazuri waliomwambia, "Ukimaliza chuo nipigie." Akapiga. Wengine hawakupokea, wengine walisema wako mkutanoni. Aliyemsaidia ni mpishi, mzee waliyekuwa naye jiko moja, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha hamia hoteli nyingine. Mzee huyo alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wake akasema: kijana huyu namjua, zamu yake haijapata kuharibika. Akachukuliwa kwa majaribio.

Kwa hiyo kujuana kikazi kunaanzia jikoni. Katika kazi yetu watu huhama sana. Weita unayegawana naye meza leo, mwakani utamkuta ni msimamizi upande wa pili wa mji. Keshia, mtu wa kaunta, anayechoma brosheti, anayeleta viazi na nyama asubuhi, wote hao wanajua wapi kuna nafasi kabla tangazo halijabandikwa. Mwenzako akiuguliwa, mshikie zamu. Wewe unajua kompyuta na Kiingereza. Mkongwe anajua kubeba sahani nne kwa safari moja na kumtuliza mlevi bila kelele. Badilishaneni. Sisi tulioishia shule ya msingi hatuoni haya kufundishwa na kijana, ila kijana naye asituone mizigo.

Lugha pia ni daraja. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na wageni kutoka Goma, Bujumbura na Dar es Salaam hufurahi wakipokewa kwa lugha wanayoielewa. Tena msingoje mikutano mikubwa ndipo mfahamiane. Mwaka 2022 ulipokuja mkutano wa Jumuiya ya Madola, na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli, mji ulijaa wageni. Nyakati kama hizo hoteli hutaka mikono ya ziada upesi, na mkuu wa zamu huwapigia wale anaowajua.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana kujuana bila karatasi ni nusu. Sheria ya kazi namba 66 ya 2018 inasema mkataba wa mdomo hauwezi kupita siku 90 mfululizo. Zikipita, dai mkataba ulioandikwa. Unapoacha kazi, dai cheti cha utumishi chenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na kazi uliyofanya. Hicho ni haki yako, usikipokee kama zawadi. Uliza pia kama mchango wako wa RSSB unapelekwa: tangu Januari 2025 mchango wa pensheni ni asilimia 12, nusu analipa mwajiri, nusu unakatwa wewe. Ukizungushwa, mwone kwanza mwakilishi wa wafanyakazi pale kazini. Isipotengenea, nenda kwa mkaguzi wa kazi anayehudumia wilaya yako. Usiende peke yako kama mnadai wengi.

Kuna jambo tunalisema waziwazi kwa dada zetu. Mteja anayekuahidi kazi halafu anataka mkutane usiku chumbani kwake hana kazi ya kukupa. Anayetafuta mfanyakazi atakuelekeza ofisini, mchana. Na kama anayekusumbua ni bosi mwenyewe, sheria hiyo hiyo inakataza unyanyasaji wa kijinsia kazini. Mwambie mwenzako wa zamu siku ile ile, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, uje chamani. Ninyi wanaume mnaosikia mkacheka, jueni kuwa kesho mtatakiwa kuwa mashahidi.

Maswali ya kuzungumza tawini: Katika mkahawa wenu, ni wanafunzi wangapi wamepita siku 90 bila mkataba? Nani kati yenu ana cheti cha utumishi cha mahali alipotoka? Na yule mwanafunzi aliyeacha kazi mwezi uliopita, nani anayo namba yake?