Njia za Kutembea

Mtoto wa Lusangi anayekwenda sokoni na kikapu cha mihogo kichwani, hutembea kwa kazi. Lakini wako watu wanaotembea kwa kupumzika tu. Huacha motokari, wakashika njia ya miguu ili waone miti, maji na milima. Njia zao ni za namna tatu.

Ya kwanza hufuata mfereji. Zamani mashua za mizigo zilivutwa kwa kamba na farasi au watu waliopita ukingoni. Maji ya mfereji yametulia, hayateremki. Basi njia ya kando yake ni sawa pia, hata mzee huipita bila kuhema.

Ya pili hufuata mgongo wa mlima. Mvua ikinyesha, maji hushuka pande zote mbili. Apitaye juu havuki mito, tena huona mbali.

Ya tatu hufuata reli ya zamani. Gari la moshi haliwezi kupanda kilima kikali. Kwa hiyo wajenzi walikata vilima na kujaza mabonde. Reli ikiisha kazi yake, vyuma hung'olewa, lakini tuta hubaki. Njia moja ya namna hii yaitwa Vennbahn. Ina urefu wa kilometa 125. Yatoka Aachen katika Ujerumani, yapita Ubelgiji, na kufika Troisvierges katika Luxembourg. Katika Tanzania, kwenye milima ya Usambara, Wajerumani walijenga reli ndogo mpaka Sigi. Reli hiyo haipo tena. Stesheni yake hupokea wageni wanaokuja kutembea katika msitu wa Amani.

Maniema nayo ina njia yenye habari kubwa. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na Kasongo mpaka Nyangwe. Livingstone alipita nchi hii. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza Kabambare siku nyingi. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe. Siku hiyo aliona kwa macho yake watu wa misafara wakipiga bunduki katikati ya soko. Wanawake waliokuja kuuza vyakula walikimbilia mtoni. Watu wengi sana walikufa.

Katika njia hiyo watu waliotekwa walikwenda wamefungwa minyororo. Wengine walichukua pembe za ndovu. Hawakutazama milima kwa furaha. Aliyechoka hakuruhusiwa kupumzika.

Je, njia kama hiyo yafaa kusahauliwa? Sivyo. Mwaka 2006 Tanzania iliandikisha njia ya misafara ya Bagamoyo mpaka Ujiji katika orodha ya mahali inapotaka UNESCO ipalinde. Njia isiyopitwa huliwa na majani, na habari zake hupotea pamoja nayo.

Mwenda pole hajikwai, tena huona mengi. Aliyefungwa hakuchagua hata hatua moja. Aliye huru huchagua njia yake, mwendo wake, na mahali pa kupumzika. Basi apitaye leo kati ya Kabambare na Kasongo akumbuke waliopita kabla yake, awasimulie wadogo wake.

Maswali

1. Kwa nini njia ya reli ya zamani haina mwinuko mkali?
2. Misafara ilipita wapi kutoka Ujiji mpaka Nyangwe?
3. Waulize wazee: njia ya kale ya kijijini kwenu ilipita wapi?