Ufa katika Fremu ya Alumini: Ichomelewe au Ibadilishwe?

Baiskeli ya milimani ilizaliwa California, Marekani, katika miaka ya 1970, pale vijana wa Marin walipoanza kushindana kuteremka vilima kwa baiskeli nzito za zamani. Fremu za kwanza zilizoundwa makusudi kwa kazi hiyo zilikuwa za chuma. Baadaye alumini ilishika nafasi, kwani uzito wake ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma. Leo baiskeli hizo, mpya na za mitumba, huonekana pia katika miji yetu, na fundi aliyezoea fremu za chuma huletewa ufa usiokubali dawa yake ya kawaida.

Mwenye baiskeli mara nyingi husema kwamba hakuanguka wala hakugonga kitu, naye husema kweli. Metali haivunjwi na pigo moja kubwa tu; huvunjwa pia na mapigo madogo yanayorudiwa mara nyingi mno. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali, na mhandisi Mjerumani August Wöhler aliichunguza katika ekseli za mabehewa ya reli katikati ya karne ya 19. Chuma kina kikomo chake: mzigo ukiwa chini ya kiwango fulani, chaweza kuubeba mara zisizo na hesabu. Alumini haina kikomo cha namna hiyo. Ndege mbili za Uingereza aina ya Comet zilizopasuka angani mwaka 1954 ziliangamizwa na uchovu wa aina hiyo katika ngozi yake ya alumini. Waundaji wa baiskeli hujikinga kwa kutumia mabomba mapana, maana bomba likiongezwa kipenyo hupinda kidogo zaidi kila gurudumu lipitapo shimoni.

Ufa hupenda kuanzia kwenye viungo: pale bomba la chini linapokutana na bomba la usukani, kuzunguka nyumba ya ekseli ya pedali, na katika mabomba membamba yanayoshika gurudumu la nyuma. Huonekana pia juu ya bomba la kiti, hasa nguzo ya kiti ikivutwa juu kupita alama iliyochorwa, kwani hapo nguzo hugeuka kuwa wenzo wa kulipasua bomba.

Lakini rangi nayo hupasuka, na si kila mstari ni ufa. Kwangua rangi taratibu mpaka metali ionekane, paka mafuta ya taa, ngoja kama robo saa, kisha futa mpaka pakauke kabisa. Nyunyiza unga wa chaki. Ikiwa kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Karakana za reli zilitumia njia hii kwa miaka mingi, nayo haigharimu kitu.

Ufa ukithibitika, wengi hukimbilia kuchomelea. Hapa yafaa kufahamu nguvu ya alumini hiyo inatoka wapi. Aloi inayotumika sana katika fremu, iitwayo 6061, ina kama asilimia 1 ya magnesiamu pamoja na silikoni kidogo. Kiwandani hupashwa moto hadi karibu digrii 530 za Sentigredi, huzimwa kwa ghafla, kisha huwekwa katika joto la digrii 170 hivi kwa saa kadhaa. Katika kipindi hicho magnesiamu na silikoni hujikusanya kuwa chembe ndogo sana zinazozuia tabaka za metali zisiteleze. Mjerumani Alfred Wilm ndiye aliyegundua mwaka 1906 kwamba aloi ya alumini yaweza kukomaa hivyo. Tofauti si ndogo: aloi ya 6061 iliyolainishwa huanza kupinda moja kwa moja kwa mzigo wa kilo 6 hivi kwa kila milimita mraba, na iliyokomazwa kwa kilo 28 hivi.

Sasa mwali wa kuchomelea hufuta kazi hiyo yote. Kando ya mshono chembe hukua ovyo au huyeyuka, na ukanda wa sentimita mbili tatu hupoteza kama nusu ya nguvu yake au zaidi. Mshono waweza kuwa mzuri machoni, lakini ufa mpya utazaliwa jirani yake. Tena alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, na utando wa oksidi ulio juu yake huyeyuka kwa zaidi ya digrii 2,000, ilhali metali yenyewe huyeyuka chini ya digrii 660. Fundi asiye na mashine ya gesi ya agoni na mazoea nayo hutoboa bomba mara moja.

Tengenezo la haki, basi, ni kuchomelea na kisha kuikomaza fremu nzima upya katika tanuri, na kuinyosha ikiwa bado laini. Aloi ya 7005, yenye zinki, haihitaji kuzimwa majini, lakini si rahisi kuitambua kwa macho. Kutoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa huupunguzia kasi tu, na kufunga kiraka kwa ribiti huongeza matundu ya kuzalia nyufa nyingine.

Kwa maoni yangu, fremu iliyopasuka karibu na usukani isipandwe hata mara moja. Ikiachia, mpandaji hutupwa kichwakichwa. Ibadilishwe. Baadhi ya waundaji humdhamini mnunuzi wa kwanza, hivyo tafuta risiti na namba iliyopigwa chini ya nyumba ya ekseli ya pedali. Kabla ya kununua fremu nyingine, pima: nguzo ya kiti (27.2 na 31.6 ni vipimo vya kawaida, kwa milimita), upana wa nyumba ya ekseli ya pedali (68 au 73), nafasi ya habu ya nyuma, ukubwa wa magurudumu, na aina ya breki. Tofauti ya nusu milimita katika nguzo yatosha kuharibu kila kitu.

Fremu ya zamani ikatwe kwa msumeno kabla ya kuuzwa chakavu, ili asitokee mtu wa kuipaka rangi na kuiuza tena. Wasubu wa sufuria wataipokea kwa furaha, na kuiyeyusha hutumia kama asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kupata alumini mpya kutoka madini yake.