Akiba ya Uzeeni: Sarafu au Mkuo wa Fedha?

Ndugu mmoja wa Pwani afanyae biashara baina ya Homa Bay na Migori ametuletea suala. Umri wake wakaribia miaka sitini, naye ataka kugeuza akiba yake yote kuwa fedha, yaani madini yenyewe. Je, anunue sarafu au mikuo iliyoyeyushwa? Twamjibu kwa kadiri ya tulivyosoma darasani, kwani wengi humu mjini wana suala hilo hilo.

Kwanza, na ajue kuwa kinachohesabiwa ni uzani wa fedha safi, si jina wala nakshi. Yeye yu karibu na Nyatike, ambako mgodi wa Macalder ulitoa shaba, dhahabu na fedha mpaka ulipofungwa mwaka 1966, na ambako wachimbaji wadogo wangali wakitafuta dhahabu. Dhahabu ya ardhini haitoki safi. Huwa imechanganyika na fedha, na mnunuzi mwenye akili hatoi mali yake kabla ya kupima. Sarafu nazo ni vivyo hivyo. Reale ya Maria Theresa yenye tarehe 1780, waliyoitumia babu zetu, ina uzani wa gramu 28, na fedha safi iliyomo ni gramu 23.4. Lakini shilingi ya Afrika Mashariki iliyopigwa baina ya 1921 na 1946 ina fedha robo tu, isiyofika gramu 2.

Pili, zaka. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, yaani kama gramu 595, na katika madhehebu yetu ya Shafii hutazamwa fedha safi. Basi reale 26 zafikisha nisabu, na shilingi zile za kale hazifikishi ila zipite 300. Kila mwaka hutolewa mbili na nusu katika mia. Mwenye gramu 1000, akiitoa zaka katika fedha hiyo hiyo, baada ya miaka 20 atabakiwa na gramu 603. Ndiyo maana Sayyidna Umar aliusia mali ya mayatima yafanyiwe biashara, yasije yakaliwa na zaka.

Tatu, riba. Fedha kwa fedha haiuzwi ila sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Wanachuoni wengi wa zama hizi wameziingiza noti katika hukumu hiyo ya mkono kwa mkono. Basi asimwachie sonara arubuni leo akapokee mkuo mwezi ujao.

Nne, lipi bora? Mkuo una gharama ndogo ya kazi ya mkono, lakini mzee atakae matumizi ya mwezi mmoja hawezi kuukata kipande. Sarafu huuzwa moja moja, ila huongezewa bei ya upigaji. Mwenye kutaka kuuza kidogo kidogo, sarafu zamfaa zaidi, maadamu amezipima.

Tano, asidhani kwamba fedha iliyo kabatini ni mfuko wa uzeeni. Katika Kenya, mali ya mifuko iliyosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1997 huwa mikononi mwa wadhamini na watunzaji. Ya kabatini ni yake mwenyewe, pamoja na hofu ya mwizi.

Wala bei haina ahadi. Januari 1980 aunsi moja ilikaribia dola 50. Mwaka 1991 ilikuwa chini ya dola 5. Aliyestaafu baina ya miaka hiyo akiwa na fedha tupu, alikula nini?

Basi rai yetu ni hii: aweke sehemu ndogo katika fedha, na iliyobaki aitie katika biashara ya halali au nyumba ya kukodisha. Sura ya Tawba, aya ya 34, yatuonya juu ya kulimbika dhahabu na fedha bila ya kuzitoa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Mali itembeayo humlisha mwenyewe na jirani. Iliyofukiwa haimlishi mtu.

Wallahu aalam.