Kijitabu cha Nyimbo Nyumbani

Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga alitoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatangaza hati ya Liturujia, ambayo katika kifungu cha 119 yaagiza muziki wa asili wa nchi za misioni upewe heshima iupasayo. Sisi wa Dodoma, penye zeze na marimba ya Wagogo, agizo hilo latuhusu sana.

Lakini twaona nini nyumbani jioni? Watoto husikiliza kwaya katika simu, wala wao wenyewe hawafumbui kinywa. Simu huwaletea wimbo uliokwisha kuimbwa na wengine. Kijitabu chenye nota za d, r, m huwaletea wimbo ambao bado haujaimbwa: sharti mtu atafute sauti yake, akosee, arudie tena. Baba ashike besi, mama sauti ya kwanza.

Basi, wazazi, jioni moja kila juma zimeni simu, mkafungue kijitabu. Kivikeni jalada la gazeti kwa ajili ya vumbi letu (si gazeti hili, kabla halijasomwa!). Aanze kuimba aliye mdogo kuliko wote.